Mbio zinazoanza pale marathoni inapoishia: Jinsi ya kuandaa mwili na akili

MKENYA akitajiwa mbio za masafa marefu, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye marathoni, mbio za kilomita 42.195 ambazo zimeiletea nchi hii sifa kote ulimwenguni. Hata hivyo, ipo aina nyingine ya mbio ambazo huanza pale marathoni inapoishia.

Mbio hizo huitwa ultramarathoni. Kwa ufafanuzi rahisi, ni mbio zozote ambazo umbali wake unazidi ule wa marathoni. Zipo za kilomita 50, za kilomita 100, za kilomita 160, na hata zile ambazo washindani hukimbia usiku na mchana ili kuona ni nani atakayefika mbali zaidi.

Mnamo 2022, mwanariadha wa Lithuania, Aleksandr Sorokin, alikimbia kilomita 319.614 kwa muda wa saa 24 mjini Verona, Italia. Huo ni mwendo unaozidi marathoni saba na nusu.

Maandalizi ya mbio za aina hii yanatofautiana na yale ya mbio nyinginezo. Kasi, ambayo ndiyo fahari ya mkimbiaji wa marathoni, hapa huwa na nafasi ndogo. Kinachohitajika zaidi ni subira, na subira, kama ilivyo misuli, haina budi kufunzwa kwa miezi kadhaa kabla ya siku ya mashindano.

Asiyeifunza hujiweka katika hatari kubwa kuliko ile ya kukosa medali. Figo zinaweza kudhurika, chumvi ya damu inaweza kupungua kupita kiasi, na wapo watu ambao wamepoteza uhai kwa sababu ya makosa ambayo yangeweza kuepukwa.

Mbio zilizochipuka vitani

Mfano bora wa mbio hizi barani Afrika ni Comrades Marathon ya Afrika Kusini, ambazo hukimbiwa kati ya miji ya Durban na Pietermaritzburg katika mkoa wa KwaZulu-Natal. Licha ya jina lake, umbali wake ni zaidi ya maradufu ya marathoni, takriban kilomita 90.

Chimbuko la mbio hizo lina uhusiano na Afrika Mashariki. Mwanzilishi wake, Vic Clapham, alikuwa dereva wa garimoshi aliyejiunga na jeshi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kikosi chake kililetwa katika koloni la Wajerumani, ambalo leo ni Tanzania Bara, kuwaandama wanajeshi wa kamanda Paul von Lettow-Vorbeck.

Clapham na wenzake walitembea takriban kilomita 2,700 katika nyika na misitu. Wengi waliangamia, baadhi kwa risasi na wengine kwa maradhi. Aliporejea nyumbani, alitaka wenzake wakumbukwe kwa jambo ambalo lingepima ustahimilivu wa binadamu kama walivyopimwa wao.

Ombi lake la kuandaa mbio lilikataliwa mara kadhaa kabla ya kukubaliwa mwaka wa 1921. Mnamo Mei 24 mwaka huo, wanaume 34 waliondoka Pietermaritzburg kuelekea Durban. Waliomaliza walikuwa 16 pekee, na mshindi, Bill Rowan, alitumia saa 8 na dakika 59.

Kwa miaka mingi mbio hizo ziliruhusu wanaume weupe pekee. Frances Hayward alikimbia mwaka wa 1923 bila kutambuliwa rasmi, naye Robert Mtshali, mwanariadha mweusi, akafanya vivyo hivyo mwaka wa 1935. Wanawake na watu wa rangi zote walifunguliwa mlango rasmi mwaka wa 1975. Sam Tshabalala akawa mshindi wa kwanza mweusi mwaka wa 1989.

Njia hubadilishwa mwelekeo kila baada ya mashindano. Mwaka mmoja wakimbiaji hupanda kutoka Durban, ulioko ufuoni mwa bahari, na mwaka unaofuata hushuka kutoka Pietermaritzburg. Katikati wanakumbana na milima mitano mashuhuri: Cowies Hill, Field's Hill, Botha's Hill, Inchanga na Polly Shortts.

Kuujenga mwili polepole

Mtu ambaye hajawahi kumaliza marathoni hafai kuanzia ultramarathoni. Comrades yenyewe humtaka kila mshiriki awe kwanza amekamilisha marathoni katika muda uliowekwa na waandalizi.

Baada ya hapo, maandalizi huchukua takriban miezi sita. Kanuni kuu ni kuongeza umbali kidogo kidogo. Moyo na mapafu huzoea mazoezi kwa wiki chache tu, ilhali mifupa na kano huchukua muda mrefu zaidi kukomaa. Mkimbiaji anayejihisi ana pumzi za kutosha huongeza kilomita kwa pupa, na ndipo maumivu ya muundi, kisigino au goti yanapomweka kitandani.

Kwa anayelenga kumaliza tu, kilomita kati ya 60 na 90 kwa wiki wakati wa kilele cha mazoezi zinaweza kumtosha. Sehemu kubwa ya kilomita hizo inapaswa kukimbiwa polepole, kwa mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza na mwenzake bila kukatika pumzi.

Mwendo huo wa pole una faida ya kisayansi. Mishipa midogo ya damu katika misuli huongezeka, na mwili hujifunza kutumia mafuta kama kuni badala ya kutegemea sukari pekee.

Akiba ya sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini ni takriban kalori 2,000. Mtu mwenye uzani wa kilo 60 hutumia karibu kalori 60 kwa kila kilomita, yaani takriban kalori 5,400 katika safari ya kilomita 90. Akiba hiyo basi haiwezi kumfikisha hata nusu ya safari iwapo hatakula njiani na iwapo mwili wake haujazoea kuyachoma mafuta.

Wakufunzi wengi pia hupendekeza mbio mbili ndefu zinazofuatana, kwa mfano Jumamosi na Jumapili. Siku ya pili mkimbiaji huanza akiwa tayari amechoka, na hivyo hupata kuonja hali ya miguu katika nusu ya mwisho ya mashindano bila kulazimika kukimbia umbali wote kwa siku moja.

Zoezi refu zaidi, aghalabu la kilomita kati ya 50 na 60, hufanywa wiki tano au sita kabla ya mashindano. Wiki tatu za mwisho hutengewa kupunguza mazoezi. Katika kipindi hiki wengi hupatwa na wasiwasi na kutaka kufidia siku walizozikosa. Hilo ni kosa, kwani mwili hupata nguvu unapopumzika, na deni la mazoezi ya miezi miwili haliwezi kulipwa kwa wiki moja.

Jambo ambalo hupuuzwa sana ni mteremko. Mtu anapokimbia kuteremka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuuzuia mwili usiporomoke, na nyuzi zake hupasuka kidogo kidogo kwa kila hatua. Wengi waliokimbia Comrades mwaka wa kushuka hukiri kwamba mlima uliwachosha lakini mteremko ndio uliowaumiza.

Mkazi wa Iten, mji ulioko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ana faida ya damu iliyozoea hewa nyembamba. Faida hiyo haiyalindi mapaja yake. Yeye pia sharti ajizoeze kuteremka, mara moja kwa wiki au mbili, akianza na miteremko mifupi. Mazoezi ya kuimarisha mapaja, nyonga na mgongo nayo yana umuhimu mkubwa.

Chakula na maji

Tumbo pia hufunzwa. Wataalamu wa lishe hupendekeza gramu kati ya 30 na 60 za wanga kwa saa wakati wa mbio ndefu, na waliojizoeza wanaweza kuvuka kiwango hicho. Mwili uliochoka hupeleka damu kwenye misuli na kulinyima tumbo, hivyo chakula kigeni siku ya mashindano huleta kichefuchefu na kuhara.

Kila kitakacholiwa siku hiyo, iwe ndizi, viazi vilivyochemshwa na kutiwa chumvi, chungwa au vinywaji vya wanamichezo, kinapaswa kujaribiwa mara kadhaa katika mazoezi. Mlo wa jioni ya kuamkia mashindano uwe ule ambao mtu ameuzoea nyumbani, kama vile ugali au wali, bila kushiba kupita kiasi.

Kuhusu maji, ushauri umebadilika sana. Zamani wakimbiaji walihimizwa kunywa kadiri walivyoweza, hata kabla ya kuhisi kiu. Mwanasayansi wa Afrika Kusini, Tim Noakes, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutahadharisha kwamba ushauri huo ungeweza kuua. Mnamo 1985, yeye na wenzake walichapisha habari za wanamichezo wanne waliougua baada ya kunywa maji kupita kiasi katika mashindano marefu.

Maji yanapozidi, chumvi katika damu hupungua na ubongo huvimba. Mgonjwa huumwa na kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, na anaweza kuzirai. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2005, uliowahusisha wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya 2002, ulibaini kwamba asilimia 13 kati yao walimaliza wakiwa na upungufu huo. Katika mashindano hayo hayo, mshiriki mmoja alifariki kutokana na hali hiyo.

Walio katika hatari zaidi ni wale wa nyuma, ambao hutumia saa nyingi barabarani na hupita kila kituo cha maji bila haraka. Ushauri unaokubalika siku hizi ni kunywa kwa kuongozwa na kiu. Mkimbiaji ambaye uzani wake umeongezeka baada ya mbio, au ambaye vidole vyake vimefura na fahamu zake kuvurugika, amekunywa kupita kiasi na anahitaji daktari, si chupa nyingine ya maji.

Dawa za maumivu ni adui

Hatari nyingine huuzwa madukani bila hata cheti cha daktari. Wakimbiaji wengi humeza dawa za kutuliza maumivu, hususan ibuprofen, kabla ya mbio au katikati yake.

Misuli inapoharibika, hutoa protini ambayo figo hulazimika kuichuja. Figo hizo tayari zinapata damu kidogo kwa sababu ya jasho na juhudi. Dawa za aina ya ibuprofen huzidi kuipunguza damu hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017, uliofanywa katika mashindano ya ultramarathoni jangwani na kwingineko, ulionyesha dalili za madhara ya figo kwa asilimia 52 ya waliomeza dawa hiyo, ikilinganishwa na asilimia 34 ya wale ambao hawakuimeza.

Mkojo wenye rangi ya chai nyeusi baada ya mbio ni ishara ya kukimbilia hospitali bila kuchelewa. Vivyo hivyo, mtu mwenye homa au kifua kibaya hafai kuanza mbio, hata kama amejiandaa mwaka mzima, kwa sababu maambukizi yanaweza kushambulia moyo. Uchunguzi wa daktari kabla ya kuanza mazoezi ni wa lazima, hasa kwa waliopita umri wa miaka 40 na wenye shinikizo la damu au kisukari.

Akili nayo ina mazoezi yake

Baada ya kilomita 60, tofauti ya mwili kati ya mkimbiaji mmoja na mwingine hupungua, na akili hushika usukani. Kila mtu huumia wakati huo. Anayeendelea ni yule aliyetarajia maumivu hayo na kujua atakachofanya yakifika.

Mbinu ya kwanza ni kuigawa safari. Kilomita 90 ni mzigo ambao akili haiwezi kuubeba kwa mkupuo mmoja. Mkimbiaji stadi hufikiria kituo cha maji kinachofuata, kisha kingine, kisha mlima ulio mbele yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kilomita nazo hujaa hivyo hivyo.

Mbinu ya pili ni kupanga mapema majibu ya matatizo. Mtu hujiuliza: Nikipata malengelenge nitafanyaje? Tumbo likichafuka je? Mvua ikinyesha? Aliyekwisha kujibu maswali hayo akiwa nyumbani hababaiki barabarani.

Mbinu ya tatu ni kufahamu kwamba hali mbaya hupita. Katika mbio za saa kumi, mkimbiaji anaweza kujihisi amekwisha kabisa kwenye kilomita ya 55, kisha akala, akatembea kidogo, na kwenye kilomita ya 65 akajihisi mzima. Uamuzi wa kujiondoa kwa sababu ya uchovu haufai kufanywa kabla ya kula na kutembea kwa dakika chache. Maumivu makali ya kifua, kizunguzungu au kuchanganyikiwa ni jambo tofauti. Hapo kusimama ndiko ujasiri.

Akili pia huhitaji kupumzishwa kabla ya siku kuu. Mwaka wa 2009, mtafiti Samuele Marcora na wenzake nchini Wales waliwapa watu 16 kazi ngumu ya kompyuta kwa dakika 90 kabla ya kuendesha baiskeli ya mazoezi hadi wachoke. Walishindwa baada ya wastani wa sekunde 640, ilhali siku ambayo akili zao zilikuwa zimetulia walistahimili sekunde 754. Mioyo na misuli yao haikuwa na tofauti. Kilichobadilika ni jinsi walivyouhisi ugumu wa kazi.

Kwa hivyo, kukesha kwa shughuli za ofisini au mabishano ya nyumbani wiki ya mwisho ni sawa na kuongeza mlima wa sita katika njia. Usingizi wa kutosha wiki nzima una faida zaidi kuliko ule wa usiku wa mwisho, ambao wengi huukosa kwa sababu ya wasiwasi.

Funzo la Fordyce na Hayward

Bingwa aliyeidhihirisha thamani ya subira kuliko wote ni Bruce Fordyce. Aliposhiriki Comrades kwa mara ya kwanza mwaka wa 1977, alimaliza wa 43. Mwaka uliofuata alikuwa wa 14, kisha wa tatu, kisha wa pili. Alishinda mwaka wa 1981 na akaendelea kushinda kila mwaka hadi 1988, kabla ya kuongeza ushindi wa tisa mwaka wa 1990.

Siri yake ilikuwa kuanza taratibu. Aliwaacha wenye pupa waende zao, kisha akawapata mmoja baada ya mwingine katika nusu ya pili, wakati miguu yao ilipokuwa imeisha nguvu.

Wakimbiaji wa kawaida wamebuni njia yao ya kulinda subira hiyo. Hujiunga katika makundi yaitwayo mabasi, kila moja likiongozwa na dereva mwenye tajriba. Dereva huamua ni wapi basi litakimbia na ni wapi litatembea, na abiria huimba pamoja ili kusahau uchovu. Kutembea mlimani kwa mpangilio, tangu mapema, si aibu; ni hesabu.

Naye Wally Hayward, aliyeshinda kwa mara ya kwanza mwaka wa 1930 akiwa kijana wa miaka 21, alirejea mwaka wa 1989 akiwa na umri wa miaka 80. Wakati huo muda wa mwisho ulikuwa saa 11. Mzee huyo alifika zikiwa zimesalia chini ya dakika mbili.

Siku yenyewe na baada yake

Viatu viwe vilivyokwisha kuzoewa, na vikubwa kidogo kuliko kawaida, kwa sababu miguu hufura. Mafuta mazito yapakwe makwapani, mapajani na kati ya vidole ili kuzuia michubuko. Kucha zikatwe siku chache kabla. Kilomita 20 za kwanza zikimbiwe kwa mwendo ambao mtu atauona kama mzaha.

Baada ya kuvuka utepe, mkimbiaji asisimame ghafla wala kuketi. Atembee polepole ili damu isikwame miguuni na kumfanya azirai. Wiki mbili zinazofuata kinga ya mwili inaweza kuwa dhaifu. Utafiti uliofanywa baada ya Two Oceans Marathon ya 1982, mbio za kilomita 56 jijini Cape Town, uligundua kwamba takriban thuluthi moja ya wakimbiaji walipata maradhi ya koo na kifua, zaidi ya maradufu ya wenzao wa nyumbani ambao hawakukimbia. Mwezi mmoja wa mapumziko na mazoezi mepesi ni haki ya mwili.

Siku hizi Comrades huwapa washiriki saa 12. Muda huo unapotimia, afisa husimama kwenye utepe akiwa amewapa mgongo wanaokuja, kisha hufyatua bunduki. Aliyebaki nyuma hata kwa hatua moja hapati medali wala hatambuliwi kuwa amemaliza.

Afisa huyo hugeuka ili asione ni nani anayemfungia mlango. Kwa wengi wanaofungiwa, dakika walizozikosa hapo jioni walizipoteza asubuhi, walipokimbia kilomita za kwanza kwa kasi ambayo miguu yao haikuweza kuilipia.